Gesi ya Songo Songo haiingii kwenye mtungi wa jikoni

Bei ya mtungi ikipanda, swali huwa lilelile. Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, kuna gesi, Mnazi Bay kule Mtwara kuna gesi, kwenye kina cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara kuna gesi tele. Mbona mtungi wa kilo 15 bado unajazwa gesi iliyoshushwa melini? Majibu yanayosikika ni ya siasa: mikataba mibovu, wajanja wachache, serikali haijaamua. Mikataba ijadiliwe, ni haki ya kila mtu. Lakini hata mkataba ungeandikwa na malaika, gesi ya Songo Songo isingejaa kwenye mtungi ule. Sababu iko ndani ya gesi yenyewe.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97. Zote ni kaboni na haidrojeni, zote zinawaka, ila molekyuli ya methani ina kaboni moja tu, ya propani tatu, ya butani nne. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Propani hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri. Kwa joto la Dar es Salaam zinatosha kubanwa kwa presha isiyofika baa 10 au kuizidi kidogo, zikawa maji ndani ya chuma chembamba. (Baa ni kipimo cha presha, tairi la gari dogo lina kama baa 2.) Methani hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, na ikishapanda juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri hakuna presha yoyote duniani itakayoigeuza maji. Ibane upendavyo, itabaki gesi.

Kwa nini basi pwani yetu ilipewa methani badala ya propani? Hapo inabidi kushuka kwenye mwamba.

Mafuta na gesi asilia huanza na mabaki ya viumbe vidogo vya majini na mimea, yaliyozama kwenye tope lisilo na oksijeni yasipate kuoza yote. Tope likafunikwa na mashapo mengine, likazidi kushuka na likazidi kupata joto, kwa sababu kila kilomita moja ya kwenda chini huongeza kama nyuzi 25 hadi 30. Kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, mabaki hayo hupikika kuwa mafuta ghafi. Yakipita hapo, minyororo mirefu ya kaboni hukatika vipande vifupi zaidi na zaidi, na kwenye nyuzi 150 na kuendelea kinachotoka ni gesi, karibu yote methani. Aina ya mabaki nayo ina uzito wake. Mwani wa ziwani hutoa mafuta mengi. Majani na miti iliyosombwa na mito kutoka bara huelekea zaidi kutoa gesi.

Pwani ya Tanzania imerundika mashapo ya kilomita nyingi tangu bara kuu la kale lilipoanza kupasuka. Miamba iliyozaa gesi iko chini sana na imepikwa kupita kiasi. Songo Songo gesi imekutwa kwenye mawe ya mchanga yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, kwenye kina cha kama meta 1,800. Piga hesabu: kwa kina hicho joto ni kama nyuzi 80, na nyuzi 80 hazipiki gesi kavu, yaani gesi ambayo karibu yote ni methani. Maana yake gesi haikuzaliwa pale. Ilitoka chini zaidi, ikapanda kupitia vinyweleo na nyufa za miamba, mpaka ikakuta tabaka la mwamba mfinyanzi usiopitisha kitu, lililojikunja kama bakuli lililofudikizwa, ikanasa chini yake. Pasipo na kifuniko hicho gesi hutokomea baharini na angani, na hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo.

Uganda ni kinyume kabisa. Kule bonde la Albertine, mafuta yametokana na mwani wa ziwa la kale na hayakupikwa sana, kwa hiyo yamejaa nta. Huganda kwenye joto la kama nyuzi 40, yaani siku ya kawaida Hoima yakimwagwa kwenye beseni hayatiririki. Ndiyo maana bomba la EACOP, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kubeba mafuta yaliyopashwa moto hadi nyuzi 50 njia nzima. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: mtungi wa jikoni una undugu wa karibu zaidi na mafuta ya Hoima kuliko na gesi ya Kilwa, kwa sababu propani na butani hupatikana ama kwenye gesi nzito inayotoka pamoja na mafuta, ama kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi.

Kisima

Shirika la Kiitaliano la AGIP liligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo haikuuzwa mpaka 2004. Miaka 30 ilipita si kwa uzembe tu. Mafuta ghafi unaweza kuyapakia kwenye lori au meli yoyote ya mafuta. Gesi bila bomba na bila mteja mwisho wa bomba haina thamani hata ya senti. Mpango wa kiwanda cha mbolea pale Kilwa, ambao ungekuwa mteja huyo, ulizungumzwa sana miaka ya 1980 ukafa.

Kuchoronga kwenyewe, yaani kutoboa mwamba hadi kwenye gesi, ni kazi ya kupambana na presha. Maji yaliyojaa kwenye vinyweleo vya mwamba hukandamizwa kwa kama baa 1 kila meta 10, kwa hiyo kwenye meta 1,800 utarajie kama baa 180. Kinachoizuia gesi isipande kisimani wakati wa kuchoronga ni uzito wa tope linalojazwa kisimani: maji, udongo wa bentonaiti wa kulifanya liwe zito-zito libebe vipande vya mawe, na unga wa baraiti, madini yenye uzito zaidi ya mara nne ya maji. Tope la kilo 1.2 kwa lita, kwa kina hicho, hukandamiza kwa kama baa 212. Ziada ya baa 30 ndiyo usalama wako.

Ziada hiyo haipaswi kuzidi wala kupungua. Ukiongeza baraiti kupita kiasi, tope litaupasua mwamba dhaifu wa juu na kupotelea humo. Kimo cha tope kisimani kitashuka, presha ya chini itashuka nayo, na gesi itaingia. Ajabu yake, umeongeza uzito na bado kisima kimekushinda. Kosa lingine la kawaida ni kuvuta mabomba ya kuchorongea kwa haraka wakati wa kubadilisha keekee, kile chuma cha mwisho kinachokata mwamba: keekee hunyonya kama pistoni ya bomba la sindano na kuivuta gesi ndani. Gesi ikishaingia, inapopanda inatanuka. Lita moja kule chini kwenye baa 180 hufika juu ikiwa kama lita 180, ikilisukuma tope lote mbele yake.

Dalili ya kwanza haionekani kisimani bali kwenye matangi ya tope: kimo kinapanda ilhali hakuna aliyeongeza kitu. Mchorongaji mzuri halisubiri hilo lithibitishwe mara mbili. Anasimamisha pampu, anaangalia kama kisima kinatiririka chenyewe, anafunga vali kubwa za dharura zilizo juu ya kisima, anasoma presha mbili (ya ndani ya bomba na ya pembeni), anakokotoa uzito mpya wa tope, ndipo anaizungusha gesi nje taratibu kupitia tundu dogo la kudhibiti. Duniani vipo visima vilivyolipuka kwa sababu mtu alijipa dakika chache za kutafuta maelezo mengine ya tope kupanda.

Kila sehemu iliyochorongwa huvishwa bomba la chuma na kumiminiwa saruji kati ya chuma na mwamba, kwa vipenyo vinavyopungua: inchi 20, kisha inchi 13 na 3/8, kisha 9 na 5/8, na chini mara nyingi 7. Saruji ikiacha mwanya, gesi itapanda nje ya bomba, na kuiziba baadaye ni kazi ya gharama isiyo na uhakika. Mwisho, baruti ndogo hushushwa kutoboa chuma na saruji mbele ya mwamba wenye gesi, na mrija mwembamba wa kuzalishia huwekwa katikati, ukiwa na vali ya usalama chini ya usawa wa ardhi inayojifunga yenyewe presha ya haidroliki ikikatika.

Mrija huo ndio unaokufa kwanza. Gesi yetu haina salfa, jambo la kushukuru, ila ina kaboni dayoksaidi kidogo, na kaboni dayoksaidi ikikutana na maji huwa tindikali inayokula chuma cha kawaida. Songo Songo imeshaonja hilo: katika miaka ya 2010 baadhi ya visima vilifungwa kwa sababu ya mirija iliyoliwa, ikabidi mtambo wa kuchoronga urudi kuing'oa na kuweka mingine. Dawa inayojulikana ni chuma chenye kromiamu kama asilimia 13. Ni ghali wakati wa kujenga, na nafuu sana ukilinganisha na kuleta mtambo kisiwani upya.

Kukausha

Gesi ikitoka kisimani huwa na mvuke wa maji na matone machache ya mafuta mepesi. Ni maji yanayotia hofu. Methani na maji, vikikutana kwenye presha ya baa 100, huganda pamoja kwenye joto la nyuzi 13 hivi. Barafu kwenye nyuzi 13! Ni donge jeupe linaloziba bomba na vali. Na gesi inapopunguzwa presha hupoa yenyewe, karibu nusu nyuzi kwa kila baa. Ishushe kutoka baa 100 hadi 60 na umepoteza kama nyuzi 18, hata kama nje ni jua la utosi la Kilwa.

Kwa hiyo gesi hupitishwa kwanza kwenye matangi ya kutenganisha, kisha kwenye mnara ambamo inapanda huku glaikoli, kimiminika kinachopenda maji, ikishuka na kunywa maji yake. Glaikoli iliyoshiba hupashwa hadi karibu nyuzi 200 ili maji yatoke, ikarudi mnarani. Ukizidisha joto kidogo tu juu ya hapo inaungua, inageuka nyeusi na kuwa tindikali. Ukiipitisha gesi kwa kasi kupita uwezo wa mnara, glaikoli inabebwa na kuonekana kwenye mita za mteja. Ikichafuka kwa mafuta ya kompresa (mashine ya kubana gesi) inatoa povu na haikaushi. Fundi anayeangalia rangi ya glaikoli kila zamu ana thamani kuliko skrini tatu za kompyuta.

Kazi ya kukausha hufanyika kwenye mitambo ya kisiwani Songo Songo na ya Madimba, Mtwara. Madimba ulijengwa kuchakata futi za ujazo milioni 210 kwa siku. Kutoka kisiwani, bomba la kwanza, lililoanza kazi 2004, ni la inchi 12 chini ya bahari kwa kilomita 25 hadi Somanga Funga, halafu inchi 16 kwa kilomita 207 hadi Ubungo. La pili, la Mtwara hadi Kinyerezi, ni la inchi 36 na lilizinduliwa Oktoba 2015.

Kadiri gesi inavyotolewa presha ya mwamba inashuka, na siku inafika ambapo gesi haina nguvu ya kujisukuma hadi Dar es Salaam. Songo Songo siku hiyo ilishafika. Mwaka 2022 kompresa zilianza kazi kisiwani. Watu wakisikia kompresa hudhani gesi imekwisha. Haijaisha, ila sasa kuitoa kunakula sehemu ya gesi yenyewe, kwa kuwa injini za kompresa huendeshwa nayo.

Inapokwenda

Sehemu kubwa huchomwa kwenye mitambo ya umeme. Kipimo cha kukumbuka: futi za ujazo milioni 1 kwa siku zina joto la kama megawati 12. Tabaini ya kawaida, inayotupa moshi wake wa moto angani, hutoa humo umeme wa megawati 4 hivi. Mtambo unaoutumia moshi huo kuchemsha maji na kuzungusha tabaini ya pili ya mvuke, kama Kinyerezi II wenye megawati 240, hukaribia megawati 6. Gesi ileile, umeme zaidi kwa nusu. Tangu mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ianze kuzunguka mwaka 2024, tabaini za gesi zinapumzishwa maji yakiwa mengi. Wanaolalamika kwamba gesi sasa haitumiki wakumbuke kwamba mwamba ni ghala lisilodai kodi ya pango, ingawa mwenye leseni inayokaribia mwisho hataliona hivyo.

Mteja mwingine ni viwanda, hasa saruji ya Wazo Hill na viwanda vya vioo, bia na nguo. Kwa maoni yetu hapo ndipo gesi hii inapofanya kazi kwa heshima zaidi: tanuri halihitaji gesi ibanwe, igeuzwe kimiminika wala ibebwe. Vali inafunguliwa, moto unawaka.

Sasa rudi kwenye mtungi. Mtungi wa kilo 15 una ujazo wa ndani wa kama lita 35. Ujaze methani kwa presha ambayo mtungi huo umezoea, tuseme baa 8, utapata kama gramu 200. Kilo 15 kwa gramu 200. Chai ya familia kwa siku chache, halafu urudi dukani. Ili mtungi wa methani uwe na maana lazima upande hadi baa 200, na hapo chuma kinakuwa kinene mno: mtungi wa gari wa lita 60 hubeba kama kilo 10 za gesi na wenyewe una uzito wa kilo 60 au zaidi. Nani ataubeba begani kupanda ghorofa ya nne Kariakoo?

Wapo wanaosema: basi tuichuje ile propani kidogo iliyomo. Tukichukulia propani ni asilimia 0.3 ya gesi, futi za ujazo milioni 100 kwa siku zingetoa kama tani 16 za propani, endapo usingepoteza hata tone. Ni mitungi elfu moja na kidogo kwa siku, ilhali nchi inatumia mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka. Kwa hilo ungejenga mtambo wa kupoza mto mzima wa gesi hadi karibu nyuzi 90 chini ya sifuri. Hakuna mhasibu atakayetia sahihi. Gesi ya kina kirefu cha bahari, ile inayosubiri mradi wa Likong'o, Lindi, nayo ni methani tupu karibu yote. Ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri itageuka kimiminika, itapungua ujazo mara 600 na kupakiwa melini, lakini meli hiyo haitamjazia mtu mtungi wa jikoni.

Magari ndiyo yanayoweza kuustahimili mtungi wa baa 200, na Dar es Salaam bajaji na teksi zimelielewa hilo haraka. Kilo moja ya methani ina nishati ya kama lita moja na nusu ya petroli. Malalamiko ya kituoni karibu yote yana sababu moja: gesi ikijazwa haraka hupata moto ndani ya mtungi, mshale unasoma 200, na baada ya nusu saa mtungi ukipoa unasoma 170. Hujaibiwa, mita ya kituo hupima kilo, si presha. Jaza taratibu au jaza asubuhi, tofauti inapungua. Jambo la kuogopa kweli ni mtungi usiopimwa. Lazima upimwe kwa maji kwa presha ya baa 300, na tarehe ya kipimo imegongwa kwenye shingo yake. Mtungi uliochomelewa kiraka, au wa aina nyingine uliopakwa rangi, ni bomu. Kaa mbali na gari hilo hata kama ni la shemeji yako.

Kwa majumbani njia iliyobaki ni bomba la mtaani. TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, imeunganisha nyumba katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, na bado ni sehemu ndogo mno ya nyumba zote. Hesabu ni ya meta za bomba kwa kila nyumba: Sinza au Mikocheni, nyumba zikiwa zimebanana karibu na bomba kuu, inalipa, kijiji kilichotawanyika hakilipi hata kikiwa kando ya Somanga. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania, na wengi wao watafikiwa na mtungi wa propani ya kununua nje au umeme, si methani ya Kilwa.

Anayehamia nyumba ya bomba akiwa na jiko lake la mtungi abadilishe nozeli (kitundu kinachotolea gesi kwenye jiko) kabla ya kuwasha. Gesi ya mtungi hufika jikoni kwa kama milibaa 30, ya bomba kwa kama 20, na methani ina joto dogo kwa kila lita. Tundu la methani linatakiwa liwe na kipenyo kikubwa kwa kama mara 1.4: palipokuwa na milimeta 0.7 weka 1.0. Usipobadilisha, moto utakuwa nusu na maharage yatakuchosha. Ukifanya kinyume, kuunganisha mtungi kwenye jiko la methani, moto unakuwa maradufu, wa njano, unaotia masizi sufuria na kuunguza vishikio.

Na matundu ya hewa hayafanani. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hulala sakafuni, huingia chini ya kabati na kwenye bomba la maji machafu, kwa hiyo tundu la ukutani liwe chini, usawa wa kifundo cha mguu. Methani ina uzito wa kama nusu ya hewa. Hupanda na kukusanyika darini, tundu lake liwe juu. Zote mbili hutiwa dawa ya harufu makusudi, kwa kuwa zenyewe hazinuki. Ukisikia harufu usiguse swichi, wala ya kuwasha wala ya kuzima. Funga vali, fungua madirisha, toka nje. Kutafuta panapovuja ni kazi ya povu la sabuni kwenye maungio, na si ya kiberiti.